Kabla Hujamwaga Mawe Yako

Mwanangu Limi,

Baba yako ameshaweka michembe kwenye begi lako mara mbili, na wewe umeshaitoa mara mbili. Nikisikiliza kutoka hapa barazani, sasa anaiweka kwa mara ya tatu, chini ya masweta, akidhani hakuna anayemsikia. "Hawawezi kumzuia mtu uwanja wa ndege kwa sababu ya viazi vikavu," anajisemea. Kwa hiyo mambo ya chakula, ya soksi, ya namba za simu na ya nani umpigie ukifika nimemwachia yeye. Anayafurahia kuliko mimi.

Wewe umekwenda kuaga kwa jirani yetu Mama Minza na kanisani, na jinsi ninavyokujua, hutarudi kabla jua halijashuka. Nina mchana mzima wa kukuandikia. Nilitaka tuongee kwa mdomo, lakini baba yako alinikataza. "Mwandikie," alisema. "Ukimwambia kwa mdomo utaanza kufundisha." Nimemkasirikia kidogo kwa sababu amesema kweli.

Jambo lenyewe ni lile la juzi mezani. Nalirudia hapa lote, ili usije ukasema sikukuelewa.

"Mama, makala yangu naiondoa kule."

"Kule wapi?"

"Kwenye hili jarida la kwetu. Wamekaa nayo miezi saba, halafu wananirudishia maswali kumi na manne kama nafanya mtihani wa darasa la saba. Kuna jarida lingine limeniandikia lenyewe. Wao wanaitoa ndani ya wiki moja."

"Limekuandikia lenyewe?"

"Wameniita mtafiti mashuhuri, mama." Ukacheka, ila si kicheko chako cha siku zote.

Baba yako akauliza kama mtafiti mashuhuri anaweza kumpitishia kachumbari. Mimi nikasema, "Tutaongea." Hatukuongea. Kesho alfajiri unapanda basi la Mwanza, kisha ndege, kisha miaka minne ya masomo ng'ambo. Nakujibu sasa.

Naanzia Nyakasonga, kule machimboni. Ulipokwenda kule mwaka jana kuchukua sampuli za maji ya visima, ulirudi nyumbani na hadithi. Ulisema kuna mama mmoja pale kwenye karasha, kwenye mashine za kusagia mawe ya dhahabu, aliyekutazama usoni kwa muda mrefu, akauliza, "Wewe si mtoto wa yule mama wa nywele?" Ulinisimulia huku unacheka mpaka ukashika ukuta. Nikakuambia chai inachemka, nikaingia jikoni. Chai haikuwa inachemka. Hata jiko sikuwa nimeliwasha.

Mama wa nywele ni mimi, kama ulivyokwisha kujua. Ila hujui kwa nini sikucheka.

Unajua kwamba Shinyanga hapa nimehamia tu, ingawa nimekaa miaka mingi kuliko waliozaliwa. Kwetu ni Ushetu, kwenye tumbaku. Nilikuwa msichana wa shule tulipohamishwa kupelekwa kwenye kijiji kipya, na ninachokumbuka zaidi kuliko kubomolewa kwa nyumba ni karatasi. Alikuja bwana mmoja mwenye karatasi yenye majina, akasoma, na kila aliyesomwa akaanza kufunga vitu vyake. Bibi yangu alimwuliza, "Nani ameandika hiyo?" Yule bwana akasema, "Imeandikwa." Basi. Nilikaa na jibu hilo utotoni mwangu mote. Nikaamini kwamba duniani kuna watu wanaoandikwa na watu wanaoandika, na nikaamua nitakuwa wa pili. Vitabu vyote hivi unavyonitania kwamba vitatuangukia siku moja vimetoka pale. Sikujiuliza, kwa miaka mingi sana, kama kilichoandikwa kinaweza kusomwa na yule aliyeandikwa.

Nilipokwenda Nyakasonga mara ya kwanza, wewe ulikuwa hujaanza shule. Unatoka Katoro kwa pikipiki, unaliacha soko na kelele zake, halafu vumbi. Wanawake walikuwa wakiosha mchanga wa dhahabu kwenye mabwawa madogo, wakichanganya na zebaki kwa mikono mitupu, kisha wengine wanakwenda kuichomea jikoni nyumbani, kwenye sufuria kuukuu, ili dhahabu ibaki. Nilitaka kujua zebaki imeingia kiasi gani mwilini mwao. Nywele zinatunza habari hiyo. Unakata shada dogo kisogoni, karibu na ngozi, nene kama njiti ya kiberiti, unaweka kwenye bahasha yenye namba.

Fikiria sasa mgeni anayefika kwenye machimbo ya Geita na kuomba nywele za wanawake, azipeleke asikokujua mtu. Siku ya kwanza hakuna aliyenipa hata unywele mmoja. Walinisalimia vizuri, wakaniletea kigoda, wakaendelea kuosha mchanga wao.

Siku ya pili alisimama mama mmoja, mnene, mwenye sauti ya kuuza mnadani. Mama Kulwa. "Nikate mimi kwanza," akasema. "Akiniroga mtajua, na mtajua ni nani wa kumfuata Shinyanga."

Mwenzake akamjibu kutoka majini, "Atazipeleka kwa mganga wake, amwoteshee na yeye. Hamuoni zake zilivyo fupi?"

Wakacheka wote, na mimi nikacheka, na kicheko kile ndicho kilichonipa utafiti wangu. Mpaka jioni nilikuwa na bahasha thelathini na mbili. Mama Kulwa alikuwa namba kumi na saba, kwa sababu alipomaliza kunikaripia nianze na yeye, mwenyewe alikwenda kwanza kuwaita wengine.

Nilipokuwa nafunga mkoba akaniuliza, "Majibu lini?"

"Mapema tu," nikasema.

Niliandika vizuri, Limi. Hilo sitaacha kulisema. Nikaipeleka makala kwenye jarida kubwa la ng'ambo, lile ambalo wakubwa wangu kazini walilitaja kwa kushusha sauti. Wahakiki wawili, wale wataalamu wanaosoma kazi yako kabla haijachapishwa bila kukutajia majina yao, walinifundisha mengi kuliko darasa lolote nililokaa. Ilipokubaliwa, baba yako alinunua jogoo na akawasimulia majirani kwamba mke wake amesomwa Ulaya. Ikaja fomu ya kusaini. Nilikuwa na furaha kubwa kiasi kwamba ningesaini hata kuuza nyumba. Nikasaini ukurasa wa mwisho bila kusoma wa kwanza. Wakanitumia nakala chache za karatasi, nikagawa zote kwa wakubwa, kwa heshima.

Baada ya miaka, ofisi moja ya wilaya ikaniomba nakala, maana ilitaka kuwafundisha akina mama juu ya kuchomea zebaki jikoni. Nikakaa kwenye kompyuta ya kazini, nikaandika jina langu, nikaiona makala yangu pale, jina langu likiwa limeandikwa sawasawa kabisa. Nikabofya. Nikaambiwa nilipe. Nilidhani hawajanitambua. Baba yako, aliyekuwa amekuja kunichukua, alisimama nyuma yangu. "Waambie ni wewe," akasema.

Hakukuwa na mtu wa kumwambia. Fomu niliyosaini ilikuwa imewapa kila kitu: maneno, majedwali, hata haki ya kuitafsiri. Nilipata nakala kwa njia ya rafiki aliyekuwa akisoma nje, kurasa mbili zikiwa na kivuli cha kidole chake. Ile ofisi ya wilaya ilikuwa imeshaendelea na mambo mengine.

Nilikuja kuelewa nilichokifanya siku nyingine kabisa, na aliyenielewesha hakujua kwamba ananielewesha. Nilikuwa Nyakasonga kwa kazi ya visima, nimekaa na Mama Kulwa karibu na karasha, tunamtazama kijana wa duara moja, shimo la dhahabu, akimwaga mifuko yake ya mawe. Yakasagwa, akaosha, akapata dhahabu yake ndogo kama punje ya mtama, akaondoka anapiga mluzi. Mchanga ukabaki.

"Ule mchanga anaufuata lini?" nikauliza.

"Haufuati. Ni marudio yale. Ni ya mwenye karasha."

"Si mawe yake?"

"Yalikuwa yake. Akishamwaga, anaondoka na anachokiona, na kisichoonekana kinabaki hapa. Mwenye karasha anakikusanya, anakipeleka kwenye mitambo ya kemikali, anatoa dhahabu kuliko ile aliyoondoka nayo yule anayepiga mluzi." Akatema mate pembeni. "Si wizi. Ndiyo desturi."

"Na wewe ukileta mawe yako?"

"Mimi naongea kabla ya kumwaga. Namwambia, marudio tunagawana, hutaki nakwenda karasha ya pili. Ananitukana, halafu anakubali. Ukishamwaga ndiyo unafungua mdomo, unaongea na nani?"

Niliiona ile fomu, Limi, mbele ya macho yangu, na saini yangu yenye madoido. Jarida kubwa halikuniibia. Nilimwaga mawe nikapiga mluzi. Siku hizi mengi ya majarida hayo ukiyauliza mapema yatakuruhusu ubaki na nakala yako mwenyewe, uiweke wazi, uifupishe kwa Kiswahili, uisome mbele ya watu. Yanaruhusu, lakini hayatakuja kukuuliza wewe.

Sasa kosa la pili. Hili baba yako analijua nusu, kwa hiyo soma polepole.

Ile kazi ya visima ilikuwa na faida kwangu: nilihitaji makala moja zaidi ili nipandishwe cheo, na nilikuwa nimechoka kusubiri. Ndipo ikaja barua pepe. Iliniita Profesa. Sikuwa profesa, na nilijua kwamba sikuwa, lakini niliisoma mara tatu. Walisema wamevutiwa na kazi zangu nyingi. Kazi zangu zilikuwa moja. Niliwatumia makala ya visima Jumatatu. Alhamisi wakanijibu kwamba wahakiki wameisifu na haina hata nukta ya kurekebisha. Mtu aliyewahi kusomwa na wale wawili wa mwanzo alipaswa kushtuka. Mimi nilijiambia kwamba labda sasa nimekomaa. Nikalipa, ikatoka, nikapanda cheo.

Katika makala ile kulikuwa na jedwali la pili. Kwa haraka, nilikuwa nimenakili kichwa chake kutoka kwenye jedwali langu la zamani la nywele, na nywele hazipimwi kama maji. Namba zilikuwa sahihi. Lakini juu yake paliandikwa miligramu mahali palipotakiwa mikrogramu. Ni kosa la mara elfu moja. Mhakiki yeyote mwenye macho angeuliza. Hakukuwa na mhakiki.

Kuna bwana afya mmoja, mtu mwaminifu, aliyeipata makala kwenye mtandao, maana hiyo ilikuwa wazi kwa kila mtu, tena bure. Alisoma jedwali la pili, akaona kisima cha chini pale Nyakasonga, kile cha karibu na nyumba, kina sumu ya kuua ng'ombe. Akafanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya. Alikifunga kwa kufuli, akapaka alama nyekundu, na watu wakaanza kupanda kuchota kisima cha mlimani.

Nilisikia baada ya miezi miwili, kwenye mkutano, mtu akiutaja utafiti wangu kwa sifa. Nilirudi maabara nikafungua daftari. Nilipoona, nilikaa chini sakafuni, na gauni langu la kazini. Niliwaandikia jarida waweke masahihisho; hawakujibu. Nikaandika tena, nikajibiwa na mashine kwamba naalikwa kuleta makala nyingine. Mwaka uliofuata tovuti yao yote ilikuwa haipo, na makala imepotea nayo. Ningefurahi, lakini ilikuwa imeshasomwa na yule mtu mmoja mwenye kufuli.

Bila kuwangoja jarida, nilikwenda mwenyewe kwa bwana afya, nikamwonyesha daftari. Aliangalia, akasema, "Mama, mimi niliamini kwa sababu ni wewe." Kisima kikafunguliwa wiki ile ile.

Sasa nitakuambia kwa nini nakusimulia haya leo na si mwaka jana. Uliniomba jedwali langu la zamani, lile la nywele, likusaidie kupanga la kwako. Nikakutumia, nikajisikia mama mwenye manufaa. Jana, wewe ukiwa mjini kununua begi, niliyachukua yale maswali kumi na manne kutoka mezani kwako nikayasoma yote, pamoja na makala yako. Naomba radhi kwa kusoma bila kukuuliza. Yapo maswali mawili ya kijinga. La nne linaonyesha kwamba mhakiki hajawahi kufika kwenye machimbo, unaweza kumjibu kwa upole. La kumi na moja ni la mtu anayetaka utaje makala yake mwenyewe. Wapo kila mahali. Lakini uliniambia lililokutoa machozi ni la tisa, uliloliona ni dhihaka: "Je, mwandishi ana hakika na vipimo vya jedwali la pili? Kama ni miligramu, wanakijiji hawa wangekuwa wagonjwa wote, na kisima kingepaswa kufungwa leo."

Nenda uangalie kichwa cha jedwali lako la pili, Limi. Kisha angalia daftari lako la maabara. Sijagusa kitu. Nimeweka alama ndogo ya penseli pembeni.

Kosa lile ni langu, umelirithi kama ulivyorithi vidole hivi vyangu virefu. Ila wewe limekufikia likiwa bado kwenye karatasi. Kuna mtu mahali fulani, hatutajua jina lake, hakulipwa chochote, aliyesoma kazi yako kwa makini ya kutosha kuogopa kwa niaba ya watu wa Nyakasonga. Wale wa wiki moja wanaokuita mashuhuri wangeitoa kama ilivyo.

Sitaki kukudanganya kwamba hili jarida letu ni kubwa. Ni dogo. Tovuti yake inafunguka ikitaka, na mhariri wake anajibu barua kama mtu anayeandika kwa jembe. Msimamizi wako mpya huenda asilihesabu. Panaweza kuwa na nafasi fulani, mahali fulani, itakayokwenda kwa mwenzako mwenye jina la jarida la kupendeza kwenye orodha yake, na siku hiyo itakuuma, na mimi nitakuwa mbali. Naliandika hili ili siku hiyo ujue kwamba nililiona. Makala zako nyingine zipeleke hata kwa wale wakubwa. Una akili ya kutosha, na wahakiki wao ni wakali kwa namna inayojenga. Ongea nao tu kabla hujamwaga. Lakini hii ya visima, kama unaniuliza, na juzi sikukujibu, iache ilipo. Mtu mwenye simu pale Katoro ataweza kuifungua bila kulipa. Ikisiri yake, ule muhtasari wa mwanzo, itakuwa kwa Kiswahili. Na imeshasomwa na mtu anayesoma.

Ukiamua vinginevyo, bado utakuwa mwanangu na bado michembe itakuwa chini ya masweta.

Nimalizie na safari yangu ya wiki iliyopita. Nilikuambia nakwenda Geita kumwona rafiki. Ilikuwa kweli, nilikuwa sijakuambia tu ni rafiki gani. Tangu uliporudi na ile hadithi ya mama wa nywele nilikuwa nikiandika kidogo kidogo muhtasari wa utafiti ule wa kwanza, kwa Kiswahili cha kawaida, kurasa tatu. Niliuchapisha kwenye steshenari moja ya Katoro. Yule binti wa kompyuta akausoma wote akiwa anauchapa, akaniuliza, "Kumbe hairuhusiwi kuchomea jikoni, mama?" Ndipo nikajua umeandikika.

Nilikuta tisa kati ya wale thelathini na wawili. Wengine wamehama na machimbo, wanne wamefariki. Tulikaa chini ya mabati ya karasha, mashine ikazimwa kwa heshima ya wageni, nikasoma. Walisikiliza kama wanavyosikiliza habari za mtu wanayemjua. Nilipomaliza, Mama Kulwa, ambaye sasa amekonda na anatembelea fimbo, akanivuta pembeni.

"Na zangu zilisemaje?"

Nilikuwa nimebeba daftari. Namba kumi na saba. Nikamwambia: zebaki ilikuwa nyingi kuliko inavyofaa, si ya kulaza mtu kitandani, ila ilitosha kumwambia mtu aache kuchomea ndani ya nyumba.

Akaegemea fimbo. "Niliacha. Kulwa na Doto walipoanza kukimbia niliona moshi ule haunipendezi, nikahamia nje." Kisha akanitazama. "Lakini ungeniambia, ningeacha mwaka mmoja mapema."

"Ndiyo," nikasema.

"Haya. Umekuja." Akanipiga begani kwa ile fimbo, si kwa upole sana. "Tulisema umemalizia nywele zetu kwa mganga. Ila naona zako bado fupi, kwa hiyo hakukusaidia."

Maabara haikutumia nywele zote, na mimi sikuwahi kutupa mabaki. Yalikaa kabatini mwangu miaka yote hii, ndani ya bahasha zao, ndilo lile boksi ulilokuwa unakatazwa kulifungua ukiwa mdogo. Nilizirudisha zile tisa kwa wenyewe. Mama Kulwa alifungua yake, akazimwaga kiganjani, akavua kilemba. Kichwa chake chote ni cheupe. Akalishika lile shada karibu na sikio lake, jeusi kabisa, akawaita wenzake waje waone.

"Jamani! Nilikuwa hivi mimi?"

"Ulikuwa hivyo," mmoja akamwambia, "na maringo juu."

Walicheka mpaka mwenye karasha akaja kuuliza kuna nini. Sijui kama nimewahi kuwa na siku nzuri kuliko ile katika kazi yangu yote, Limi, na nilikuwa nimeshastaafu.

Akazifunga zile nywele kwenye pindo la khanga yake. "Wabeja, mayu," akaniambia, asante. Kisha akauliza, "Na huyo binti wako wa maji, naye tumsubiri mpaka meno yatung'oke?"

Swali lake nimekuletea wewe. Wakati ule nilikuwa bado sijalisoma jedwali lako, na halikuwa swali langu kulijibu.

Jua lilikuwa limeanza kupungua. Akachukua ndoo, akaikataa mikono yangu nilipotaka kumsaidia, akaondoka. Nilisimama nikimwangalia. Kisima cha chini kiko hatua chache tu kutoka kwenye karasha, kufuli iliondolewa miaka mingi iliyopita, na maji yake, kwa namba zako zikisomwa inavyopasa, ni safi kuliko haya tunayokunywa hapa nyumbani. Mama Kulwa alikifikia, akakipita bila kukitazama, kama wanavyofanya wengi wao mpaka leo, akaendelea na fimbo yake na ndoo yake kuelekea kisima cha mlimani.

Anza na swali la tisa.

Nasikia mlango wa uani. Umerudi, na baba yako anajifanya amelala. Nakuacha hapa, nije tule pamoja.

Mama yako,
wa bahasha na daftari